Elisi Mjini Wote: Maoni Juu ya Filamu na Watazamaji Wake

Makala haya yametokana na usiku mmoja wa likizo ya Desemba mjini Wote, katika Kaunti ya Makueni. Katika ua wa nyumba ya jamaa zangu, watu wazima na watoto waliketi juu ya viti, mikeka na ndoo zilizopinduliwa, wakatazama filamu iitwayo Alice in Wonderland, ambayo picha zake zilitupwa kwa projekta juu ya ukuta uliopakwa chokaa. Filamu hiyo iliongozwa na Tim Burton, na ilitolewa na kampuni ya Walt Disney mwaka 2010. Mimi ndiye niliyeichagua. Niliichagua kwa sababu ni filamu inayoweza kutazamwa na jamaa nzima, na pia, lazima nikiri, kwa sababu nilitaka kuwaonyesha watu wa kwetu kitabu nilichokisoma ng'ambo nilipokuwa nikitafuta shahada ya pili. Nilikwenda pale kwa tabia ya mwalimu, yaani tayari kueleza.

Rai ninayoitetea hapa ni kwamba yale waliyoyasema watazamaji wa Wote usiku ule yalikuwa uhakiki, tena uhakiki uliogusa kasoro halisi ya filamu. Sisemi kwamba yalikuwa maoni ya kupendeza ya watu wasiosoma, ambayo msomi huyaandika daftarini kisha akayatia katika maelezo ya chini ya ukurasa. Nasema kwamba waliona jambo ambalo mimi sikuliona, na kwamba waliliona kwa sababu walikuwa na elimu niliyokuwa nimeiacha nyumbani.

Yafaa kwanza tukumbuke historia ya hadithi yenyewe. Kitabu cha kwanza cha Alice kiliandikwa na Lewis Carroll, ambaye jina lake halisi lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson, mwalimu wa hisabati huko Oxford. Kilitolewa mwaka 1865. Cha pili, kile cha safari ya kupitia kioo, kilifuata mwishoni mwa mwaka 1871. Wasomaji wa Kiswahili hawakuchelewa sana kukutana na msichana huyu: mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa tafsiri ya E. V. St. Lo Conan-Davies iitwayo Elisi Katika Nchi ya Ajabu, ambamo michoro ilifanyizwa upya na Elisi akaonyeshwa kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 ikatoka tafsiri nyingine, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu, ya Ida Hadjivayanis. Kwa hiyo msichana huyu ana majina mawili katika lugha yetu. Mimi nitalitumia lile la zamani, kwa kuwa ndilo lililotamkwa Wote mara tu watoto waliposikia jina lake la Kiingereza.

Filamu ya Burton siyo kitabu. Jambo hili ni muhimu kwa hoja inayofuata. Katika kitabu Elisi ni mtoto. Anatumbukia shimoni bila kutumwa na mtu, anakutana na viumbe wanaobishana naye, hakuna anachokitafuta kwa dhati isipokuwa bustani nzuri aliyoiona kupitia kijilango kidogo, na mwishowe anaamka usingizini. Katika filamu Elisi ana umri wa miaka 19. Anakimbia karamu ambamo anachumbiwa hadharani na kijana asiyempenda, anatumbukia shimoni, na huko chini anaelezwa kwamba ujio wake umeandikwa katika gombo: siku fulani atavaa deraya, atashika upanga, na kuliua dubwana liitwalo Jabberwocky, ambalo ni silaha ya Malkia Mwekundu. Dubwana hili halimo kabisa katika kitabu cha kwanza. Limetolewa katika shairi lililomo ndani ya kitabu cha pili, na katika shairi hilo muuaji wake ni mvulana. Mwandishi wa filamu, Linda Woolverton, amechukua hadithi isiyo na kazi ya kutimizwa akaipa kazi. Ameigeuza kuwa ngano ya shujaa na zimwi.

Yeyote anayeifanya hadithi kuwa ngano ya shujaa na zimwi ameileta, ajue asijue, mbele ya baraza la wataalamu. Wataalamu hao wako Wote, na Kitui, na Usambara, na Lesotho.

Kabla ya kueleza lililotokea ni lazima kutaja mzigo ambao kila mtu anayeandika juu ya watazamaji wa Kiafrika ameurithi. Kati ya mwaka 1935 na 1937 lile Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, lililokuwa na makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, lilitengeneza filamu na kuzizungusha kwa gari katika nchi za Afrika Mashariki na Kati. Baadaye, mwaka 1939, Waingereza waliunda Idara ya Filamu za Makoloni. Mkuu wa shughuli zake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema aonyeshwe picha za polepole, zenye jambo moja moja, na kwamba mbinu zote za kiini macho za kamera ziepukwe kwa sababu zitamchanganya. Kwa kanuni hiyo, msichana anayekunywa dawa akawa mdogo kama kidole angekuwa marufuku katika ua wetu.

Kisa kinachojulikana zaidi katika mkondo huu ni cha kuku. John Wilson alikisimulia, na Marshall McLuhan akakieneza duniani katika kitabu chake cha mwaka 1962. Wanakijiji walionyeshwa filamu ya afya iliyohusu kuondoa maji yaliyotuama. Walipoulizwa wameona nini, walisema wameona kuku. Watengenezaji wa filamu walishangaa, kwani hawakujua kwamba mna kuku humo. Waliikagua picha baada ya picha, na kweli, kuku alikuwamo, akipita pembeni kwa muda wa sekunde moja hivi. Kisa hiki kimetumiwa kwa miaka mingi kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kutazama filamu. Mimi nakisoma kinyume. Watu wa kijiji kile walisema kweli tupu juu ya kilichokuwamo ndani ya picha. Waliotengeneza filamu ndio ambao hawakuwa wameiona filamu yao wenyewe.

Sasa tuurudie ua wa Wote.

Hakuna aliyebabaishwa na miujiza. Elisi alipungua, akaongezeka, paka akatoweka na kubakiza meno yake hewani, na watu wakatazama kwa utulivu wa wasikilizaji wa ngano, ambao tangu utotoni wamezoea zimwi linalogeuka kijana mtanashati ili apate mke. Jambo lililowashughulisha akina mama lilikuwa jingine kabisa: Elisi anapopungua, nguo zake hazipungui pamoja naye. Kila alipobadilika kimo, mama mmoja aliuliza kwa sauti kama safari hii kuna mtu aliyemwandalia binti wa watu kitambaa. Watu walicheka, lakini swali lilikuwa la maana, na filamu yenyewe imelifikiria, maana Mshona Kofia humshonea kigauni kidogo papo hapo. Mama yule aliridhika. Vichwa vya watu vinavyoelea katika handaki la Malkia Mwekundu, ambavyo Elisi anavikanyaga ili avuke, havikumridhisha mtu. Watoto wawili walifunikwa macho kwa kanga, na mmoja akachungulia.

Sungura aliwaudhi. Katika fasihi-simulizi yetu, ya Wakamba kama ya Waswahili, sungura ndiye mwenye hila. Ndiye mdogo anayewashinda simba na fisi kwa akili. Huyu wa filamu ana koti na saa, anatetemeka, anatumwa huku na huku. Mzee mmoja alisema kwamba huyo ni karani wala si sungura. Sijasoma katika jarida lolote maelezo mafupi na sahihi kuliko hayo juu ya mhusika huyo, kwani Carroll mwenyewe alimchora kama mtumishi wa jumba la kifalme anayeogopa kuchelewa kazini.

Hoja ya gombo ililetwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Alisema: ikiwa imeandikwa na kuchorwa kwamba Elisi ataliua dubwana siku hiyo, basi sisi tunahofu nini? Wakubwa wake walijaribu kumjibu kwamba huenda akakataa kwenda. Akasema kwamba hawezi kukataa, maana ameshachorwa. Ni kweli kwamba filamu inajitahidi kumfanya Elisi asiamini gombo hilo na kusema kwamba yeye siye Elisi anayetafutwa; lakini picha imeshaonyeshwa, na mtazamaji ameshaiona. Linganisha na ngano ya Sultani Majinuni na nunda mla watu, ambayo Edward Steere aliiandika Unguja na kuichapisha mwaka 1870. Humo mtoto mdogo wa Sultani anakwenda kulitafuta nunda lililowala watu, nduguze wakiwamo. Anaua mnyama, anamburura hadi nyumbani, na mama yake anamwambia kwa wimbo kwamba huyu siye. Anakwenda tena, anarudi na mnyama mkubwa zaidi, na huyu naye siye. Kijana anajifunza kulitambua nunda kwa kukosea. Katika filamu, hakuna wa kukosea. Gombo limeshatambua kwa niaba ya kila mtu. Kijana yule wa kidato cha tatu hakuitaja ngano ya nunda, na sidhani ameisoma. Lakini alidai kile ambacho ngano ile hutoa.

Karamu ya chai iliwachosha. Nitarudia jambo hili, maana hapo nadhani kosa halikuwa lao wala la filamu peke yake.

Tukafika kwenye vita. Elisi alikuwa juu ya ngazi za jumba bovu, amevaa deraya, upanga mkononi, na dubwana limemtandia mbawa, ndipo umeme ulipokatika. Ukuta ukawa mweusi. Watoto walipiga kelele, kisha wakanigeukia mimi wawaambie mwisho, na mimi, nikiwa mwalimu, nikaanza kueleza. Kabla sijamaliza sentensi ya pili, bibi mmoja wa makamo makubwa, ambaye watoto wote pale humwita Susu hata wasio wajukuu wake, alinikatiza kwa upole. Alisema kwa Kikamba kwamba mwisho wa eimu unajulikana. Akaueleza. Msichana atalikata, nalo likiwa linakufa litamwambia akate kidole chake kidogo cha mwisho, atakikata, na hapo watatoka watu wote lililowameza, na ng'ombe, na mbuzi, na wale watu wa mwenye kofia wakiwa wa mwisho, wakilalamika kwamba humo ndani mlikuwa na joto. Walicheka gizani. Nilitambua kwa sauti za maswali yao kwamba watoto kadhaa hawakuwahi kusikia habari ya kidole kile.

Umeme ukarudi. Tukaendelea. Elisi alilikata dubwana kichwa, kichwa kikaporomoka ngazini, Malkia Mwekundu akafukuzwa, Mshona Kofia akacheza ngoma ya ajabu ya kuzungusha miguu. Kisha Elisi alipewa chupa yenye damu ya dubwana, akanywa, akarudi kwao. Watoto wadogo walipiga makofi. Susu aliuliza: "Na watu wako wapi?"

Ndipo nilipofanya kosa ambalo ndilo sababu ya kuandika. Nilimjibu: "Susu, hii ni hadithi ya Wazungu. Kwao zimwi halimezi watu, kwa hiyo hakuna wa kutoka." Aliniangalia kwa muda, akasema: "Mwanangu, tulionyeshwa wakiungua. Mwenye kofia ameomboleza tangu mwanzo. Kama hawarudi, msichana alikwenda kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Alikuwa sahihi juu ya kilichomo. Katikati ya filamu, Mshona Kofia anamsimulia Elisi juu ya siku ile dubwana lilipowashukia watu wa Malkia Mweupe wakiwa katika sherehe, likawateketeza. Nasi tunaonyeshwa moto huo na kofia iliyobaki imeungua. Huzuni ya Mshona Kofia, na wazimu wake, vinatokana na siku hiyo. Filamu imefungua deni la watu waliopotea, kisha ikafunga hesabu kwa kubadilisha taji kutoka kichwa cha dada mmoja hadi kichwa cha dada mwingine. Mimi nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara tatu kabla ya usiku ule na sikuwahi kuuliza habari za watu wale.

Kuna jambo la ziada ambalo swali la Susu lilinionyesha baadaye, nilipokuwa nikiyafikiria haya. Kitu kimoja tu ndicho kinachotoka katika mwili wa zimwi hili, nacho ni damu. Na damu hiyo inanywewa na mtu mmoja, Elisi, kwa faida yake mwenyewe ya kurudi nyumbani. Katika ngano za zimwi lililomeza nchi, ambazo Alice Werner alizizungumza kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1933 juu ya visasili na ngano za Wabantu, mwili wa zimwi ni ghala la jamii. Kijana wa Wasotho anayelipasua Khodumodumo anawatoa watu wote, na kisu chake kinapogusa tumbo kutoka nje, walio ndani wanapiga kelele aangalie asiwakate. Ushujaa hupimwa kwa idadi ya wanaotoka. Fani ni ileile, yaani safari, silaha, dubwana, ushindi. Maudhui yamegeuzwa kutoka ukombozi wa jamaa hadi kupevuka kwa mtu mmoja. Ndiyo sababu filamu inaweza kumaliza kwa furaha bila kurudisha mtu hata mmoja.

Mwenzangu katika idara, ambaye namheshimu, aliposikia habari hii alinipinga. Alisema kwamba nimefanya yale yale ya wapenzi wote wa fasihi-simulizi: nimemchukua mtazamaji aliyesoma filamu ya kigeni kwa macho ya ngano ya kwao, nikamtawaza kuwa mhakiki. Kila mtu husoma kwa upeo wake wa matarajio, kama alivyofundisha Hans Robert Jauss tangu mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967. Lakini upeo wa matarajio hueleza kwa nini mtu ameona alichokiona, hauthibitishi kwamba kimo. Hoja hii ni nzito, na ingekuwa imenishinda lau Susu angedai tu kidole kikatwe. Madai ya kidole ni ya ngano yake. Swali la watu wako wapi ni la filamu.

Na filamu imelijibu. Mwaka 2016 Disney walitoa sehemu ya pili, iliyoongozwa na James Bobin na kuandikwa na Woolverton yuleyule. Kisa kizima cha filamu hiyo ni hiki: Mshona Kofia anagundua kwamba watu wake hawakufa siku ile ya moto, na Elisi anasafiri ndani ya wakati ili awaokoe. Mwishowe wanapatikana hai, wamefanywa wadogo kama siafu na kufungiwa katika kisanduku cha kioo ndani ya ngome ya Malkia Mwekundu, nao wanatolewa. Sijui kama filamu hiyo ni nzuri. Kwa maoni yangu ina makelele mengi kuliko ya kwanza. Lakini watengenezaji walipotaka kuendelea, walilazimika kurudi kwenye pengo lilelile lililoonyeshwa na bibi wa Wote, na kulijaza kwa njia ileile: walioliwa hawakuliwa, wamo ndani ya kitu kidogo, afunguliwe mlango watoke. Nilipoiona nilimkumbuka kuku wa John Wilson.

Sasa nirudi kwenye karamu ya chai, nisije nikadhaniwa kuwa nawasifu watazamaji hata pale walipopungukiwa. Upuuzi wa Carroll ni upuuzi wa lugha. Viumbe wake hubishana juu ya maana ya maneno, huyachukua maneno yenye sauti moja na kuyabadilishana, na huimba nyimbo zinazodhihaki mashairi ambayo watoto wa Kiingereza wa zama zake walilazimishwa kuyakariri. Mtazamaji asiyekijua Kiingereza vilivyo, tena Kiingereza cha aina hiyo, anabaki na watu wanaovunja vikombe. Watu wetu walichoka kwa haki. Lakini ni hasara, maana hakuna mchezo ulio karibu zaidi na mila zetu kuliko huo. Watoto wa Wote wanaotegeana vitendawili wangeweza kuketi na Mshona Kofia pale mezani kutwa nzima, kwa kuwa yeye naye hutega kitendawili, na kosa lake ni kwamba hana jibu. Kwetu, asiyeweza kujibu hutoa mji. Mtegaji asiye na jibu sijui angetozwa nini.

Hapa ndipo kazi ya mfasiri inapohitajika, na ndipo tunapoona upungufu wetu. Filamu ile ilikuja kwa Kiingereza kitupu. Kuna mabingwa wa kufasiri filamu kwa mdomo: DJ Afro, ambaye sauti yake inajulikana katika mabanda ya video kote Kenya, na kwa upande wa Tanzania, Lufufu, ambaye Matthias Krings amemwandikia uchambuzi wa kina. Wasimulizi hawa hawatafsiri neno kwa neno. Hueleza, huongeza, humkemea mhusika, humtajia mtazamaji mtaa anaoufahamu. Aghalabu huchagua filamu za mapigano, za Kihindi na Kichina na Kimarekani. Filamu za watoto na jamaa haziwapati wasimulizi kwa wingi huo. Idara zetu zimeandika tasnifu nyingi juu ya tafsiri ya Biblia na ya Shakespeare. Kazi ya msimulizi wa banda la video, ambayo husikilizwa na watu wengi kuliko wanaomsoma Shakespeare kwa Kiswahili, huachiwa Wajerumani.

Usiku ule msimulizi alikuwa Susu, kwa dakika chache za giza.

Limebaki suala la ndoa na safari, ambalo vijana walilijadili hadi usiku wa manane. Wasichana walishangilia Elisi alipomkataa mchumba mbele ya kadamnasi. Wazee hawakuupinga ukataaji wenyewe, kinyume cha nilivyotazamia. Walichouliza ni kwa nini kijana amesimama peke yake akauliza mbele ya wageni, bila ntheo, bila mbuzi hata mmoja, bila mzee wa kwao wa kuubeba aibu akikataliwa. Kwa maneno mengine, waliona kwamba desturi ya wale mabwana ndiyo iliyomtega msichana, maana ilimtaka ajibu papo hapo. Hilo nalo limo ndani ya picha.

Halafu Elisi anafanya nini na uhuru wake? Anaingia katika biashara ya meli na rafiki wa marehemu baba yake, na picha ya mwisho inamwonyesha akisimama juu ya sitaha, akielekea China kufungua njia za biashara. Msichana mmoja wa chuo aliuliza wanakwenda kuuza nini huko. Mimi nilicheka, kisha nikaacha. Hadithi imewekwa katika Uingereza ya karne ya 19. Waingereza walipigana na China mwaka 1839 hadi 1842, na tena mwaka 1856 hadi 1860, kwa ajili ya haki ya kuuza afyuni, na katika vita vya kwanza wakajitwalia Hong Kong. Filamu inaonyesha meli hiyo kama tuzo la msichana aliyejikomboa. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, au mjukuu wa wapagazi wa Kikamba waliotembea na misafara hadi Mombasa, ana sababu ya kuuliza shehena ni nini kabla ya kupunga mkono. Mhakiki wa miaka ya sabini angeanzia hapo na kumalizia hapo. Mimi nimeliweka mwishoni kwa sababu swali la Susu ni la ndani zaidi: meli hii na zimwi lile ni jambo moja. Shujaa asiyedaiwa watu wake na mtu yeyote anaweza kwenda popote.

Sipendi ieleweke kwamba ngano ya zimwi iko salama na kwamba kila mtazamaji wa Makueni anaibeba kichwani. Waliouliza habari za watu walikuwa wa zaidi ya miaka 40. Wadogo walipiga makofi kichwa kilipoanguka, kama walivyofundishwa na filamu nyingine nyingi. Susu mwenyewe aliniambia asubuhi yake kwamba alikuwa hajasimulia ngano kwa miaka kadhaa. Jioni ni ya televisheni, na hakuna aliyemwomba. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui, alichapisha mkusanyiko wa ngano za Wakamba mwaka 1966, nao umo katika maktaba yetu, umefungwa vizuri. Sisi wenyewe tumewasifu Kezilahabi kwa Nagona, na Wamitila kwa Bina-Adamu!, kwa kuzirudisha safari za ajabu katika riwaya ya Kiswahili, na tumestahili kuwasifu. Lakini riwaya hizo ni za msomaji wa chuo kikuu. Kwa mtoto wa miaka minane hatujafanya mengi. Likarion Wainaina, katika filamu ya Supa Modo ya mwaka 2018, alionyesha kijiji kizima kikikubali kuigiza ili mtoto mgonjwa aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na hapo tunaona ushujaa ambao hauwezi kuhesabiwa bila kuwahesabu majirani. Filamu za namna hiyo zinahesabika kwa vidole.

Mwezi wa Aprili nilipita tena Wote. Nyuma ya nyumba niliwakuta watoto watatu waliokuwapo usiku ule wakimsimulia filamu mwenzao aliyekuja kutoka Emali. Walisimulia kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikamba. Gombo lilikuwa limeachwa. Sungura alikuwa na saa yake bado, lakini sasa alikuwa ameiiba kwa Malkia. Elisi alilikata zimwi kichwa, kichwa kikasema, naye akakata kidole. Walitoka ng'ombe kwanza. Mtoto wa Emali aliuliza wangapi, na wale watatu wakaanza kubishana juu ya idadi.